Simenti Iliyoganda Haijengi Nyumba

Ndugu wengi wanaojenga kijijini hulalamika kwamba fedha imekwisha na nyumba haijafika kwenye linta. Husema bei ya vifaa imepanda, nao wasema kweli. Lakini hebu tazama pembeni mwa kiwanja: mchanga umechukuliwa na mvua, matofali yamevunjika, na mfuko wa simenti umekuwa jiwe. Vyote hivyo vilinunuliwa kwa fedha ya kahawa, ya pamba au ya mbuzi. Ni karo ya mtoto iliyolala chini.

Yafaa basi baba na mama wa nyumba wajue mali hii hupotea wapi.

Kwanza ni simenti. Adui yake ni unyevu. Usiiweke juu ya sakafu wala kuiegemeza ukutani. Panga mbao juu ya mawe, ulaze mifuko juu yake, na uifunike kwa turubai. Mfuko ulionunuliwa kwanza utumike kwanza, kwa maana simenti ikikaa miezi 3 nguvu yake hupungua, hata kama mfuko haujafunguliwa. Kwa hiyo usinunue mifuko 30 leo kwa kazi ya mwakani.

Pili ni kuchanganya. Zege likishatiwa maji litumike ndani ya saa moja. Mafundi wengine huchanganya karai nyingi asubuhi, halafu mchana, likianza kuganda, huongeza maji ili lilainike. Hulainika, lakini halina nguvu tena. Changanya kidogo kidogo, kadiri ya kazi iliyopo. Na lipu au zege likishakauka kidogo, limwagiwe maji kila siku kwa siku 7. Lipo la kupasuka ni lile lililonyimwa maji, na kulipiga upya ni kulipa mara mbili.

Tatu ni mabati. Hapa hasara huanza kabla ya kupanda juu, kwa sababu watu hununua bila kupima. Tufanye hesabu. Paa lako lina urefu wa mita 4.85 toka kileleni hadi ukingoni. Ukinunua mabati ya mita 3, mawili yakipandana sentimita 15, utapata mita 5.85. Utakata mita nzima katika kila mstari. Nyumba yenye mistari 15 kila upande itapoteza mita 30, yaani mabati 10! Lakini mabati mawili ya mita 2.5 yakipandana vivyo hivyo hutoa mita 4.85 kamili, wala hukati kitu. Mwambie fundi apime kwanza, ndipo uende dukani.

Nne ni matofali. Tanuri la kuchomea hula miti mingi, na matofali yasiyoiva vizuri huvunjika. Nchini Tanzania, Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi ulieneza matofali ya kufungamana. Haya ni udongo uliochanganywa na simenti kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono. Hayachomwi kwa kuni, na kwa kuwa hushikana yenyewe, udongo wa kuunganishia hupungua sana.

Na mabaki je? Matofali yaliyovunjika yashindiliwe chini ya sakafu. Misumari iliyopinda inyoshwe. Vipande vya mabati vitaezeka banda la kuku. Maji yaliyooshea karai za simenti yasimwagwe mtoni, maana huua samaki. Tena akina mama, angalieni sana: mbao zilizotiwa dawa ya mchwa zisipikiwe kamwe. Moshi wake na majivu yake ni sumu kwa watoto.

Mwisho, shika daftari. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Jioni andika mifuko mingapi imefunguliwa, matofali mangapi yamejengwa, na yamebaki mangapi. Mpe kazi hiyo kijana wako anayesoma, naye atajifunza hesabu yenye faida. Fundi mwema hatachukia, bali atafurahi kuona mwenye nyumba anajua kinachoendelea. Na mfuko mmoja uliookolewa kila juma huenda ndio utakaomaliza chumba cha watoto kabla ya masika.