Manemane kwa vidonda vidogo

Wengi wetu tunaijua manemane kwa zawadi za Mamajusi (Mathayo 2:11). Lakini mti wake humea pia katika nchi kame za Somalia, Ethiopia na kaskazini mwa Kenya. Wasomali huiita malmal, na wafugaji wa huko wameitumia kuoshea vidonda tangu zamani.

Ni kitu gani?
Gome la mti likijeruhiwa, hutoka utomvu unaoganda na kuwa punje chungu za rangi ya kahawia. Hiyo ni kinga ya mti wenyewe: huziba jeraha ili wadudu na ukungu visiingie. Uchunguzi wa maabara umeonyesha kwamba manemane huzuia baadhi ya bakteria, ila majaribio kwa binadamu ni machache. Kwa hiyo isichukue nafasi ya usafi.

Kuhudumia mchubuko au mkato mdogo
1. Nawa mikono kwa sabuni.
2. Damu ikitoka, kandamiza kwa kitambaa safi mpaka ikome.
3. Osha kidonda kwa sabuni na maji safi mengi hadi mchanga wote utoke. Hii ndiyo dawa ya kwanza.
4. Ukipenda kutumia manemane, chagua punje safi, zisage, loweka kidogo katika maji yaliyochemshwa na kupoa, chuja, kisha oshea. Tengeneza mapya kila siku. Ngozi ikiwasha au kuvimba, acha.
5. Funga kwa kitambaa safi na kikavu.

Tahadhari
Usitie utomvu wowote machoni, kwenye jeraha la kina au la moto, wala kwenye kitovu cha mtoto mchanga. Si kila utomvu ni dawa: maziwa ya mnyaa huunguza ngozi na huweza kupofusha.

Aliyechomwa na msumari au mwiba mchafu aende zahanati. Vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo na samadi, na kinga yake ni chanjo. Aliyeumwa na mbwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende siku hiyo hiyo kupata chanjo ya kichaa cha mbwa. Vivyo hivyo, kidonda kikitoa usaha, kikizidi kuvimba au kikileta homa, usingoje.

Tukumbuke Msamaria mwema (Luka 10:34). Alitia mafuta na divai, akafunga majeraha, lakini hakuishia hapo: alimpandisha mgonjwa juu ya mnyama wake, akampeleka mahali pa kutunzwa.