Kiungio kidogo kinachoamua iwapo maji yatafika nyumbani Isiolo

MAJI yanayopotea kabla ya kumfikia mlaji ni mzigo mzito kwa miji mingi ya Kenya, na katika eneo kame kama Isiolo mzigo huo huhisiwa maradufu. Sehemu ya hasara hiyo hutokea mahali ambapo watu wengi hawapatazami: pale bomba moja linapoungana na jingine.

Bodi ya Kudhibiti Huduma za Maji nchini (WASREB) imeeleza katika ripoti zake za miaka ya hivi karibuni kwamba zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayozalishwa na kampuni za maji hayalipiwi. Kiwango kinachokubalika ni chini ya asilimia 25. Hasara hiyo inajumuisha wizi wa maji na mita mbovu, lakini uvujaji wa mabomba ni sehemu yake kubwa.

Ukubwa wa tatizo hueleweka kwa hesabu nyepesi. Kiungio kinachovuja kiasi cha kujaza mtungi wa lita 20 kwa dakika 10 hupoteza lita 2,880 kwa siku. Hiyo ni mitungi 144, ilhali mwenye nyumba huenda akaona ardhi yenye unyevu tu.

Mabomba meusi ya plastiki aina ya polithini ndiyo yanayotumika sana siku hizi kusambaza maji kutoka mabomba makuu hadi majumbani, na pia kutoka visima virefu hadi kwenye mabirika ya mifugo katika maeneo kama Merti na Garbatulla. Plastiki hii haishiki gundi ipasavyo. Njia moja ya kuiunganisha ni kuiyeyusha kwa joto la zaidi ya nyuzi 200, kazi inayohitaji mashine, jenereta na fundi aliyefunzwa. Njia ya pili, inayofaa zaidi kwa mabomba madogo, ni kiungio cha kubana.

Kiungio hicho kina sehemu nne. Kuna kiwiliwili kinachopokea bomba, pete ya mpira inayozuia maji, pete ngumu ya plastiki iliyopasuliwa upande mmoja na yenye meno kwa ndani, na nati inayofunika vyote.

Fundi anapokaza nati, pete yenye meno husukumwa ndani ya nafasi inayozidi kuwa nyembamba kama faneli. Kwa kuwa imepasuliwa, hujifumba na kuuma bomba. Maji yanapojaribu kulichomoa bomba, pete huvutwa kuelekea upande mwembamba na kuuma kwa nguvu zaidi.

Ni muhimu kutofautisha kazi za pete hizo mbili. Ile yenye meno hushika bomba lisichomoke, nayo ya mpira ndiyo inayozuia maji yasitoke. Anayeikaza nati kupita kiasi akidhani atakomesha uvujaji huenda akaipasua, na mpira ulioharibika ukabaki vile vile.

Kwa mabomba ya shaba, kanuni ni hiyo hiyo ila pete huwa ya metali. Nati inapokazwa, pete hiyo hujibana juu ya bomba na kubadilika umbo, hivyo hubaki palepale hata kiungio kikifunguliwa. Hata waya wa umeme unaoingia kwenye kisanduku cha pampu ya kisima hubanwa kwa mpira na nati, ili usivutike na ili vumbi na unyevu visipenye.

Mbona basi viungio huvuja? Sababu ya kwanza ni ukataji mbaya. Bomba lililokatwa upande huwa na ncha kali inayochana pete ya mpira. Bomba hukatwa wima, kisha ukingo wake hulainishwa kwa tupa au kisu. Fundi huweka alama ya kina linakopaswa kufika, kwani lisipofika mwisho, mpira haulikumbati. Maji ya sabuni hulisaidia kuteleza. Mafuta ya gari hayafai, kwa sababu huharibu baadhi ya aina za mpira na kuchafua maji ya kunywa.

Sababu ya pili ni kuchanganya vipimo. Mabomba ya chuma huitwa kwa inchi, na ya polithini hupimwa kwa milimita za kipenyo cha nje. Bomba la milimita 20 huchukua nafasi ya lile la nusu inchi, la milimita 25 nafasi ya robo tatu, na la milimita 32 nafasi ya inchi moja. Anayenunua kwa kukadiria kwa macho hujikuta na pete isiyoshika.

Aidha, kuna shinikizo la maji. Mto Isiolo, mojawapo ya vyanzo vya maji ya mji huo, huanzia kwenye miteremko ya Mlima Kenya, na maji yanayotelemka hupata nguvu. Kila mita 10 za kimo huongeza takriban baa moja. Tangi lililo mita 60 juu ya nyumba hutoa baa sita wakati mifereji yote imefungwa. Ndiyo maana viungio dhaifu huachia usiku, watu wanapolala. Maandishi PN 10 juu ya bomba yanamaanisha kwamba linastahimili baa 10, lakini katika joto la nyuzi 20. Likifika nyuzi 40, uwezo huo hupungua kwa takriban robo.

Isitoshe, jua hulirefusha bomba. Bomba la mita 100 lililolazwa juu ya ardhi laweza kuongezeka kwa sentimita 30 au zaidi joto likipanda kwa nyuzi 20, kisha likajikunyata usiku na kuvuta viungio. Dawa yake ni kulifukia, na kulilaza kwa kupindapinda kidogo ndani ya mtaro.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana kwenye bili. Maji yanapokatwa kwa sababu ya mgao, bomba hubaki tupu na ufa uliokuwa ukitoa maji huanza kuvuta tope na uchafu ndani. Maji yakirudi, uchafu huo hufika jikoni. Katika nchi iliyokumbwa na mlipuko wa kipindupindu ulioanza Oktoba 2022, wakati ambapo kaskazini mwa nchi pia iliandamwa na ukame wa misimu mitano mfululizo bila mvua ya kutosha, kufunga kiungio kwa kipande cha mpira wa gurudumu hakutoshi.

Kwa mwenye nyumba wa Bulla Pesa au Wabera, tahadhari ni chache. Anunue bidhaa zenye alama ya ubora ya shirika la viwango la KEBS. Ahakikishe kwamba kipimo kilichoandikwa kwenye kiungio ndicho kilicho kwenye bomba. Na zaidi ya yote, asimruhusu fundi kufukia mtaro kabla ya maji kufunguliwa na kila kiungio kukaguliwa kikiwa wazi na kikavu. Kufukua baadaye kugundua uvujaji ulipo hugharimu zaidi ya bei ya kiungio chenyewe.