Ukoka na Sangari: Tatizo la Kufasili Majina ya Majani

Mtunga kamusi afikapo kwenye majina ya majani huelekea kuchoka mapema. Ukoka huwa ni aina ya majani, na sangari nayo vivyo hivyo. Fasili kama hizo si za uongo, lakini mkulima wa nyanda za juu za Kenya hawezi kuridhika nazo: ukoka ni malisho mazuri, ilhali sangari ni magugu yadhoofishayo mibuni.

Kwa neno ukoka nakusudia hapa Cynodon dactylon, na kwa sangari Digitaria abyssinica, ambayo zamani iliitwa Digitaria scalarum. Yote mawili ni majani mafupi yatambaayo. Hata hivyo ukoka hutambaa juu ya ardhi na chini yake pia. Sangari huficha mashina yake yatambaayo udongoni, membamba kama nyuzi, na jembe likiyakata, kila kipande chenye kifundo huweza kuchipua upya.

Dalili iliyo bora, hata kabla ya kuchanua, ipo pale jani liachanapo na shina. Hapo pana kitu kidogo ambacho wanabotania hukiita kwa neno la Kilatini lenye maana ya ulimi mdogo. Kwa kuwa kooni tunacho kilimi, sioni ubaya kulitumia neno hilo. Kilimi cha ukoka ni safu ya nywele fupi. Cha sangari ni utando mwembamba.

Masuke yahitaji hadhari zaidi. Jina la pili la ukoka latokana na neno la Kigiriki la kidole, na jina la kwanza la sangari latokana na neno la Kilatini la kidole hicho hicho! Kwa hiyo kusema tu kwamba masuke yafanana na vidole hakusaidii. Ya ukoka, aghalabu matatu hadi sita, hutoka mahali pamoja; ya sangari hupangika kwenye kijiti kifupi.

Ndago haina utata mwingi: shina lake lina pembe tatu, nayo si ya jamii ya nyasi hata kidogo.

Basi fasili ya sangari ingeweza kuwa hivi: majani ya jamii ya nyasi, yenye mashina yatambaayo chini ya ardhi, kilimi cha utando, na masuke yasiyotoka mahali pamoja, ni magugu sugu ya mashambani.