Nkamba katika kumbukumbu ya Wakimbangu

Simon Kimbangu, katekista wa Kibatisti, alianza kuhubiri na kuponya wagonjwa kijijini kwake Nkamba, Kongo ya Chini, tarehe 6 Aprili 1921. Mahujaji walifurika, na kijiji kikaitwa Yerusalemu Mpya. Mwezi wa Septemba alikamatwa. Akahukumiwa kifo, hukumu ambayo Mfalme Albert wa Kwanza aliigeuza kuwa kifungo cha maisha. Alifungwa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, hadi alipofariki tarehe 12 Oktoba 1951.

Wafuasi wake wengi walihamishwa kwa nguvu hadi mikoa ya mbali. Je, kumbukumbu ya Nkamba ilidumuje? Hakika si kwa majengo. Ilidumu katika nyimbo, katika sala za siri, na katika jina lenyewe, ambalo wahamishwa waliwarithisha watoto waliozaliwa ugenini bila kukiona kijiji.

Mwaka 1960 mabaki ya Kimbangu yalitolewa Elisabethville, yalikozikwa karibu miaka tisa, yakarudishwa Nkamba. Hekalu kubwa lilizinduliwa baadaye, mwaka 1981. Hata hivyo, mahujaji huondoka na udongo na maji ya chemchemi.