Kurekodi Gitaa Chini ya Bati

Kwenye nyumba zetu za kupanga za Dar es Salaam, maikrofoni ni mbea. Iweke mbele ya spika ya gitaa, itakusanya na jogoo, na bodaboda, na mama mwenye nyumba anayeuliza nani kamaliza maji ya ndoo. Mvua ikianza kugonga bati ndiyo basi tena. Kwa hiyo vijana ninaowafundisha gitaa wakiniuliza wanunue maikrofoni gani, nawaambia waiache kwanza. Watafute ampu ndogo ya mazoezi yenye tundu la USB.

Nazungumzia zile ampu za kidijitali zinazoiga ampu kubwa. Ya kwangu ni Fender Mustang LT25, wati 25, spika moja ya inchi 8, nimeinunua mtumba kwa mpigaji wa bendi ya hotelini. Ndani hakuna valvu za kioo kama za ampu za zamani. Sauti ya nyuzi inageuzwa kuwa namba, maelfu kwa maelfu kila sekunde, kisha chipu inapiga hesabu: ampu fulani ingeuitikia vipi mpigo huu, na spika yake ingepunguza nini kwenye sauti nyembamba na nene? Kampuni ya Line 6 ya Marekani ilitoa ampu ya namna hii, AxSys 212, mwaka 1996. Siku hizo kilikuwa kitu cha wenye fedha. Leo mwanafunzi anaweza kudunduliza akakipata.

Watu huidharau ampu hii kwa sababu ya kile kispika. Kweli, ukiisikiliza chumbani inasikika kama imefungiwa kabatini. Lakini ukirekodi kwa waya wa USB, sauti haipiti kwenye spika hiyo hata kidogo. Inatoka kwenye chipu, inaingia kwenye kompyuta. Kompyuta ya Windows itataka draiva, ambayo mtengenezaji huitoa bure. Programu ya kurekodia, Audacity, nayo ni bure. Chagua jina la ampu kwenye orodha ya vifaa vya kuingizia sauti, piga kwa nguvu zako zote uone kipimo kinafika wapi, kisha punguza hadi kilele kicheze karibu na desibeli 12 chini ya sifuri. Sauti ikipasuka wakati wa kurekodi, hakuna fundi wa kuishona.

Kazi yenyewe iko kwenye ladha. Ukiiwasha ampu hii, sauti nyingi zilizopangwa kiwandani zinakupokea kwa ngurumo za roki. Wenzetu wanaopiga roki watafurahi. Sisi wa dansi tunataka sauti safi, kila nuta ijitegemee, kwa sababu gitaa la solo na la rithimu kila moja hupita kwenye nafasi zilizoachwa na mwenzake. Msikilize Mbaraka Mwinshehe enzi za Morogoro Jazz, au Dr Nico kule Kinshasa: ukiongeza ngurumo hapo, magitaa mawili yanakuwa uji. Mimi natafuta mfano wa ampu safi, nashusha geini karibu na mwisho, napunguza besi, naacha trebo kidogo. Ukitaka ule mng'ao wa soukous, weka efekti ya korasi, ile iliyojengwa ndani ya ampu ya Roland JC-120 tangu 1975, lakini kwa mkono mwepesi. Mwangwi nauzima kabisa. Ukirekodi sauti kavu utaongeza mwangwi baadaye kwenye kompyuta. Ukiurekodi humo humo, hautoki.

Wengine husikia mlio wa nzi kwenye rekodi wakaanza kuilaumu ampu. Chomoa kwanza chaja ya laptopu, upige kwa betri. Mara nyingi nzi anaondoka. Asipoondoka, zima taa ya tyubu na riguleta ya feni, kisha jigeuze na gitaa lako taratibu. Pikapu za koili moja hudaka kelele za umeme kulingana na upande zilikoelekea. Joto la Aprili bila feni ni gharama ya kawaida ya sanaa.

Jambo la mwisho ni rithimu. Vijana hurekodi mara moja, wakanakili, nakala moja kushoto na nyingine kulia, kisha wanashangaa sauti bado imekaa katikati vilevile. Nakala ni kitu kilekile, masikio hayana cha kutofautisha. Upige wimbo mzima upya. Tofauti ndogondogo za mkono, huku umewahi kidogo, kule umechelewa, ndizo zinazoufungua wimbo ukatanuka pande zote mbili. Mwanafunzi wangu mmoja alilalamika, "Mwalimu, si nitachoka?" Nikamwambia apige ya pili kabla mkono haujapoa, maana kesho atakuwa na mkono mwingine.