Mkulima wa Songea anayeulizia mvua ya India

"Huko India mvua zimeshika?" Mama aliyeniuliza hivyo alikuwa anapeta mbaazi uani kwake, kijijini, mashariki ya Songea, pembeni mwa barabara iendayo Namtumbo. Halikuwa swali la kupiga soga. Aliuliza kama mtu anayeulizia hali ya mgonjwa wake aliyelazwa mbali.

Aliniomba jina lake lisiandikwe. Kazi yake sina budi kuieleza. Mbaazi zile alizipanda Desemba, katikati ya mistari ya mahindi. Mahindi yalipovunwa, mibaazi ikabaki imesimama peke yake kwenye jua la kiangazi mpaka maganda yakakauka. Akaikata, akaitandaza juu ya turubai, akaipura kwa fimbo. Mashina hayatupwi, ni kuni. Punje anazichota kwa ungo, anazirusha, upepo unachukua pumba. Halafu zinakuja kazi za vidole: kutoa zilizotobolewa na wadudu, zilizosinyaa, na vijiwe vinavyofanana nazo kabisa. Mwisho anachukua punje moja, anaiweka kati ya magego, anaing'ata. Ikipasuka kwa mlio mkavu, safari ya ghalani imeiva. Ikibonyea, gunia zima linarudi juani.

"Kule ghalani wana kipimo cha unyevu," alisema, "lakini siendi kuaibishwa na mashine mbele za watu."

Ghala ni la chama cha msingi. Anapewa stakabadhi, mzigo unasubiri mnada. Na hapo ndipo India inapoingia uani kwake, kwa sababu ndiyo mnunuzi mkubwa wa mbaazi zetu. India inalima mbaazi kuliko nchi yoyote na inazila kuliko nchi yoyote, zaidi ya tani milioni 4 kwa mwaka, na mara nyingi mavuno yake hayatoshi. Za kwetu zinavunwa kuanzia Julai. Za kwao zinapandwa na mvua za Juni na Julai, zinavunwa kuanzia Desemba. Kwa hiyo mzigo wa Songea unafika pale ambapo maghala yao yamepungua.

Lakini India ni mbili. Kuna ya Mumbai na Delhi, ambako kibarua wa kiwandani anakula wali au chapati kwa dali ya mbaazi, yaani mbaazi zilizomenywa ganda na kupasuliwa, na kwa mamilioni wasiogusa nyama, dali hiyo ndiyo nguvu ya mwili. Kuna ya vijijini, Kalaburagi na Latur, ambako mtu analima mbaazi hizohizo kwa kutegemea mvua na kwa mkopo. Oktoba 2015 dali hiyo ilifika rupia 200 kwa kilo, na miji ikapiga kelele. Serikali ikahimiza kilimo, mvua ya 2016 ikawa nzuri, wakulima wakapanda kwa wingi, bei ikawaangukia wao. Juni 2017 wakulima wa Mandsaur, jimbo la Madhya Pradesh, waliandamana kudai bei ya mazao na nafuu ya madeni. Polisi wakafyatua risasi, wakulima wakafa.

Miezi miwili baadaye, tarehe 5 Agosti 2017, India ikaweka kikomo cha tani 200,000 za mbaazi kutoka nje kwa mwaka. Huku kwetu zilikuwa juu ya turubai. Bei iliyokuwa imewahi kuvuka shilingi 2,000 kwa kilo ikaporomoka hadi chini ya 200 sehemu nyingine za kusini.

"Mwaka ule tulikula mbaazi asubuhi, mchana na jioni," mama anakumbuka. "Ada ya mtoto nikailipa kwa mbuzi." Mei 2021 India ilifungua tena mlango, na tangu hapo muda wa ruhusa hiyo umekuwa ukiongezwa mwaka hadi mwaka. Siku hizi mpwa wake aliyeko Songea mjini, Bombambili, humtumia habari za bei kwa simu, na humo ndimo alimojifunza kufuatilia mawingu ya nchi ambayo hajawahi kuiona.

Nilimwambia kwamba mvua ikikosekana kwao, yeye anapata. Akaweka ungo chini.

"Unajua hilo linanisumbua? Nikiomba bei yangu ipande, naomba jua limchome mwanamke mwenzangu. Na yeye ana ungo kama mimi. Wanaotupangia wote wawili hawapeti."

Mimi naona yuko sahihi kabisa. Mji unaposhiba, kijiji ndicho kinacholipa, na safari hii hesabu imevuka bahari mpaka kwetu Ruvuma. Inauma zaidi kwamba mbaazi zetu nyingi bado zinaondoka zikiwa punje nzima kuelekea bandarini, na zinapasuliwa kwenye vinu vya wengine. Kwa nini zisipasuliwe hapahapa? Mama naye aliniuliza hivyo.

Kuziacha hawezi. Mahindi ya Songea yanadai mbolea ya kupandia na ya kukuzia, tumbaku inadai kuni na dawa. Mbaazi inajilea yenyewe na inaacha udongo na rutuba. Mbegu ya msimu ujao tayari ameitenga kwenye ndoo yenye mfuniko, na ataizika ardhini Desemba. Tangazo la 2017 lilitoka Agosti. Likitoka jingine la namna ile, nani atakuwa amempa habari kabla hajapanda?