Albamu ya pili ya Vampire Weekend: picha ilipata mdai, gita la Congo bado

Januari 2010, vijana wanne wa New York walitoa albamu yao ya pili, Contra. Katika juma la kwanza nchini Marekani ziliuzwa nakala karibu 124,000, na albamu ikaingia moja kwa moja katika nafasi ya kwanza ya orodha ya Billboard 200. Kwa bendi ya roki iliyo chini ya kampuni huru, mbali na makampuni makubwa ya muziki, huo ulikuwa ushindi mkubwa. Lakini msikilizaji wa Kinshasa, Lubumbashi au Goma akiiweka albamu hiyo sikioni, anabaki na swali lake: gita hili limetoka wapi?

Bendi hiyo inaitwa Vampire Weekend. Ilianzishwa mwaka 2006 na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia: Ezra Koenig, mwimbaji na mpiga gita, Rostam Batmanglij, mpiga kinanda na mtayarishaji, Chris Baio kwenye besi, na Chris Tomson kwenye ngoma. Albamu ya kwanza waliirekodi wenyewe wakiwa wamemaliza masomo na kila mmoja ana kazi yake. Koenig alikuwa akifundisha Kiingereza katika shule moja ya Brooklyn. Albamu hiyo ilitoka Januari 2008 chini ya XL Recordings, kampuni huru ya London.

Ndani yake kulikuwa na wimbo uitwao « Cape Cod Kwassa Kwassa ».

Kutoka Kinshasa hadi Cape Cod

Cape Cod ni eneo la pwani katika jimbo la Massachusetts, mahali ambapo familia nyingi zenye uwezo huenda kupumzika wakati wa joto. Kwassa kwassa haihitaji kuelezwa kwa Mcongo aliyekuwa mkubwa katika miaka ya 1980. Ni mtindo wa kucheza uliozaliwa Kinshasa, na wengi wanasema jina lake linatokana na swali la Kifaransa « c'est quoi ça ? ». Mchezaji Jeannora ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wake. Pépé Kallé na orkestra yake Empire Bakuba waliusambaza, na Kanda Bongo Man, akiwa Paris pamoja na mpiga gita Diblo Dibala, akaupeleka hadi majukwaa ya Ulaya.

Kilichosafiri na mtindo huo ni sebene: ile sehemu ya wimbo ambapo mwimbaji anapunguza maneno na magita yanashika usukani, sauti ikiwa juu, safi, bila mngurumo, na kipande kifupi kinarudiwa mpaka watu wasimame kucheza. Vijana wa Columbia waliisikia Afrika kupitia rekodi. Wao wenyewe waliuita muziki wao, kwa mzaha, « Upper West Side Soweto », wakiunganisha mtaa wa New York na kitongoji cha Afrika Kusini. Kutoka Soweto hadi Kinshasa ni mbali, lakini katika mzaha huo Afrika yote iliingia katika mfuko mmoja.

Mtihani wa albamu ya pili

Kila mwanamuziki anajua kwamba albamu ya kwanza hubebwa kichwani kwa miaka mingi, na ya pili huombwa haraka, wakati bendi iko safarini na watu wanasubiri waone kama ilibahatisha. Mara nyingi hapo ndipo bendi hurudia yaleyale au hupotea njia.

Contra haikurudia. Batmanglij, aliyeitayarisha, aliongeza ngoma za kompyuta na vinanda vya umeme. « Horchata », wimbo wa kufungua, una milio inayofanana na marimba. Katika « California English », sauti ya Koenig imepitishwa kwenye programu ya Auto-Tune huku gita likikimbia kwa kasi. « Holiday » unaegemea ska ya Jamaika. Nyimbo zote ni kumi, na zinamalizika kabla dakika arobaini hazijafika.

Jina lenyewe ni la siasa. Contra walikuwa waasi wa Nicaragua walioungwa mkono na Marekani dhidi ya serikali ya Sandinista katika miaka ya 1980. Lakini wimbo wa mwisho, « I Think Ur a Contra », unalileta neno hilo hadi kwenye ugomvi wa watu wawili waliopendana: nani yuko upande wa nani?

Nani alidai, nani hakudai

Swali hilo ndilo linaloifanya albamu hii iwahusu pia wanamuziki wa Congo, kwa sababu inaonyesha aina tatu za kuchukua kitu cha mtu mwingine.

Ya kwanza ni ya sauti. Wimbo « Diplomat's Son » umetumia kipande cha wimbo wa M.I.A. na kuchota katika wimbo wa kundi la Toots and the Maytals la Jamaika. Nyimbo hizo zina wenyewe wanaojulikana, na albamu inazitaja.

Ya pili ni ya sura. Jalada la Contra lina picha ya zamani ya msichana mwenye nywele za rangi ya dhahabu. Julai 2010, mwanamke aliyesema kwamba picha ni yake alifungua kesi Los Angeles akidai dola milioni mbili. Alisema hakuwahi kutoa ruhusa, wala sahihi kwenye karatasi ya ruhusa si yake. Mwaka 2011 alifikia mapatano na bendi na kampuni yake.

Ya tatu ni ya mtindo, na hapo hakuna mtu aliyekwenda mahakamani. Sheria ya haki za mtunzi inalinda wimbo ulioandikwa, rekodi na picha. Hailindi namna ya kupiga gita. Sebene ni ya kila mtu, kwa hiyo mbele ya hakimu si ya mtu yeyote.

Je, huo ni wizi? Jibu si rahisi. Rumba yenyewe ilikua Léopoldville baada ya wanamuziki kusikiliza santuri za Cuba, wakazigeuza kwa lugha zao na magita yao. Hakuna aliyetoka Havana kudai malipo. Na Cuba nayo iliupata mdundo wake kwa watumwa waliotolewa Afrika, wengine kutoka Congo. Muziki ulikopwa siku zote. Tena, vijana wa New York waliliandika neno kwassa kwassa wazi kwenye jina la wimbo, badala ya kulificha.

Tofauti iko kwenye faida. Mwaka 1986, Paul Simon alipotoa Graceland, wanamuziki wa Afrika Kusini waliimba na kupiga katika albamu hiyo, na majina yao yakajulikana duniani. Vampire Weekend ilijifunza kwa kusikiliza tu. Jina la kwassa kwassa lilifika hadi Cape Cod, lakini Jeannora hakwenda nalo.

Jina hubaki pale lilipoandikwa

Katanga ina mfano wake. Mwaka 1952, huko Jadotville, leo Likasi, Hugh Tracey alimrekodi kijana mpiga gita, Jean Bosco Mwenda, akipiga « Masanga ». Wapiga gita wa nchi nyingi bado wanajifunza wimbo huo, na wanajua ni wa nani, kwa sababu rekodi ipo na jina liko juu yake.

Congo ina sheria ya haki za mtunzi tangu Aprili 1986, na ina SOCODA, shirika la kukusanya haki hizo. Desemba 2021, UNESCO iliiandika rumba ya Congo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Hiyo ni heshima kwa taifa, lakini haimlipi mpiga gita mmoja mmoja.

Anachoweza kudai mpiga gita ni kile chenye jina lake: wimbo uliosajiliwa, rekodi inayoonyesha nani alipiga nini, mkataba uliotiwa sahihi. Mwanamke wa kwenye jalada alikuwa na cha kushika mkononi, sura yake mwenyewe. Kijana anayerekodi sebene yake leo kwa simu huko Bukavu au Kolwezi, kisha akaiachia itembee bila jina, hatakuwa na cha kuonyesha siku atakapoisikia kwenye albamu ya mtu mwingine.